Ngurumo za Upande wa Pito

Barua ya kumfukuza kazi Hellena Sichalwe ilikuwa imeshachapwa na kupigwa muhuri. Ililala juu ya meza ya mwenyekiti ikisubiri saini moja tu, na saini hiyo ingetiwa saa kumi jioni mbele ya wajumbe wote. Sajini Asnath Sikazwe aliisoma mara mbili, kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, katikati ya masika.

"Mwenyekiti, mmeandika barua kabla ya uchunguzi kwisha?"

"Tumeiandika mapema ili isitucheleweshe," alisema mzee Kornel, akivuta sweta lake vizuri kifuani. Mazwi, katikati ya mji wa Sumbawanga, ilikuwa na baridi asubuhi hiyo. "Afande, sisi ni wafugaji. Ng'ombe hasubiri, na sisi tumejifunza kutoka kwake."

Ushirika wa Wafugaji Nyota ya Ufipa ulikuwa na vyumba viwili, benchi moja na mfanyakazi mmoja aliyefahamika na kila ng'ombe wa maziwa kuanzia mjini hadi mpakani mwa Nkasi. Huyo ndiye Hellena. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na pikipiki, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma, na kuwapandikiza ng'ombe mbegu za madume bora ambayo hakuna mfugaji wa huku angeweza kuyanunua. Mfugaji akiona ng'ombe wake yuko kwenye joto, hutuma ujumbe wa simu kwenye namba ya ushirika. Namba hiyo iliendeshwa na kampuni ya Daraja Ujumbe ya Dodoma. Mfumo wa kampuni ulipokea ujumbe, ukaupanga kwa jina na kijiji, ukaurusha kwenye simu ya Hellena, naye akawasha pikipiki. Asipofika siku hiyo, joto limepita, na mfugaji anasubiri wiki tatu nyingine akimtazama ng'ombe wake naye akimtazama.

Katika wiki tano zilizopita, Hellena alishindwa kufika mara saba. Ushirika ulipeleka malalamiko polisi kwamba anahujumu huduma kwa makusudi, na jalada likaangukia mikononi mwa Sajini Asnath.

"Hizi hapa tarehe zote saba," alisema Kornel, akisukuma karatasi. "Tazama saa. Saa saba, saa nane, saa tisa. Zote mchana. Hakuna hata moja ya asubuhi. Mtu akishakula ugali wake anazima simu, analala. Halafu jioni anasema mtandao."

Asnath alinakili tarehe zote kwenye daftari lake la mraba, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko wa mtu asiyependa kufuta. Kisha akatoka nje.

Hellena alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia ya pikipiki mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mikono mikubwa na uso ambao haukuzoea kukunjamana.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unalala mchana?"

"Sijalala mchana tangu nilipoacha kunyonya. Muulize mama yangu, alilalamika sana."

"Siku hizo saba simu yako ilikuwa wapi?"

"Mfukoni, imewashwa. Siku mbili kati ya hizo nilikuwa naongea na dada yangu simuni, tena kwa muda mrefu, kwa sababu hakukuwa na kazi. Nikajua leo ng'ombe wametulia." Alitoa simu. "Halafu baadaye ujumbe unaingia wote kwa mkupuo, kama kuku waliofunguliwa banda. Tano, sita. Nakimbia, nafika giza linaingia, mfugaji ananiambia ameshampeleka ng'ombe kwa Sebastiani."

"Sebastiani ndiye nani?"

"Mwenye dume."

Asnath alipiga mstari chini ya jina hilo. Akaomba simu ya Hellena na kuiweka kwenye mfuko wa sare yake.

"Leo hii simu itakaa kwangu. Ukiwa huna simu huwezi kuizima, na hakuna atakayesema uliizima."

"Na kama leo huduma isipokatika?"

Asnath aliinamisha kichwa kidogo, midomo ikacheza kwa sala ya sentensi moja, kisha akasema, "Twende dukani kwa Munira."

Kabla ya kufika dukani alipiga simu Dodoma. Upande wa pili alipokea kijana mchangamfu aliyejitambulisha kwa jina la Ridhiwani, mhudumu wa wateja.

"Afande, nimefungua ukurasa wetu wa hali ya huduma sasa hivi. Wiki tano zote ni kijani. Hatujawahi kukatika hata dakika moja."

"Kijani maana yake nini?"

"Mashine yetu hapa Dodoma inajipima kila dakika. Inajiuliza, upo? Inajibu, nipo. Ikijibu, taa inabaki kijani."

"Inajiuliza yenyewe na kujijibu yenyewe?"

"Ndiyo. Ni utaratibu wa kawaida."

"Kwetu kituoni," alisema Asnath, "mtuhumiwa akijihoji mwenyewe hatuiti ushahidi."

Ridhiwani alicheka mpaka akakohoa. Akaahidi kushika simu kila atakapopigiwa siku hiyo, maana, alisema, hajawahi kuhojiwa na polisi na mama yake angefurahi kusikia.

Duka la Munira liliuza mashuka, betri, sukari na vitu vingine ambavyo hata Munira mwenyewe alivisahau mpaka mteja alipoviulizia. Familia yake iliendesha magari ya mizigo kati ya Sumbawanga na Kasanga, na yeye alibaki na duka. Alimsikiliza Asnath akiwa anapima sukari bila kumwaga hata punje.

"Kwa hiyo kila robo saa natuma ujumbe kwenye namba ya ushirika," alirudia. "Naandika 'jaribio' na saa. Ukiingia kwenye simu ya Hellena, natia alama ya vema. Usipoingia, naandika sifuri."

"Na usipoingia, pigia simu ya Hellena kwa simu yako. Uone kama inaita."

"Ili tujue ugonjwa uko kwenye simu au kwenye njia." Munira alimtazama kwa macho yanayocheka. "Da Asnath, mimi ningekuwa polisi mngekosa kazi."

"Koplo Nestory yuko Namanyere, naye atatuma kwa saa hizo hizo. Tuwe na macho mawili, mji huu na mji ule."

Asnath aliacha simu ya Hellena juu ya meza ya Munira, kando ya mizani. Hellena akabaki amekaa kwenye gunia la mchele mbele ya macho ya kila mteja. Sajini akapanda baiskeli yake na kushika njia ya kwenda kwa Sebastiani.

Saa nne, saa tano, saa sita. Kila alipompigia Munira, jibu lilikuwa lile lile: vema, vema, vema. Mazwi vema, Namanyere vema. Jua lilikuwa kali na anga la Ufipa lilikuwa jeupe na pana. Asnath alifikiria ile barua na nafasi yake moja ya saini.

Sebastiani aliishi nje kidogo ya mji, kwenye ukingo wa bonde, mahali unapoona vilima vya Pito upande wa pili. Alikuwa mzee mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye. Dume lake lilikuwa limefungwa kwenye mti wa mkaratusi. Lilikuwa jeusi, lina nundu kama gunia la mahindi.

"Huyu anaitwa Jemedari," alisema. "Afande, kama umekuja kumkamata, mimi sina pingu za saizi yake."

"Nimekuja kukukamata wewe kama itabidi. Wafugaji wakimkosa Hellena wanakuja kwako?"

"Wanakuja. Siwezi kusema uongo mbele ya Mungu na mbele ya Jemedari."

"Mara saba huduma imekatika. Mara saba watu wamekuja hapa. Jirani yako ameniambia kitu kingine." Alifungua daftari. "Kwamba siku hizo unamtoa dume, unampiga brashi, unamnywesha maji, kabla hata mteja wa kwanza hajafika. Unajuaje kwamba watakuja?"

Kicheko kikamkauka Sebastiani. Alikaa kwenye kigoda akajifuta shingo.

"Nani kasema hivyo? Mke wa Kisanko?"

"Jibu swali, mzee. Unamjua mtu yeyote kwenye ile kampuni ya Dodoma?"

"Dodoma nimefika mara moja, nikapoteza kofia. Simu yenyewe ni hii." Alitoa simu ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Inapokea tu. Kutuma nimeshindwa."

Asnath aliiwasha, akaipekua, akairudisha. Haikuwa na ujumbe hata mmoja uliotumwa. Kabla hajauliza swali lingine, ngurumo ilisikika mbali, nzito na ndefu, kama mtu anayesukuma pipa tupu juu ya mawe. Ilitoka upande wa pili wa bonde. Pale walipokaa jua lilikuwa bado linawaka.

Sebastiani alisimama.

"Samahani, afande, tutaendelea. Ngoja nimtoe Jemedari kivulini nimpige brashi. Wateja watakuja."

Asnath hakusogea. "Umesema nini?"

"Wateja watakuja. Hiyo ngurumo ni ya Pito."

"Ngurumo inahusiana nini na wateja?"

"Hapo ndipo na mimi huwa nashangaa." Alikuwa ameshashika kamba. "Mvua ikinguruma mjini, hamna kitu. Ikinguruma upande wa Laela, hamna kitu. Lakini ikinguruma Pito, saa mbili hazipiti nasikia, 'Hodi, mzee Seba, Hellena hapatikani.' Mimi sijui mambo ya mitandao. Nilifikiri labda Mungu ameamua tu kunikumbuka."

Simu ya Asnath iliita. Alikuwa Munira.

"Da Asnath, jaribio la saa saba na robo halijafika. La kwangu sifuri, la Nestory sifuri. Nimempigia Hellena, simu inaita vizuri hapa mezani. Hellena mwenyewe nimemkalisha kwenye mchele, hajainuka hata kwenda chooni."

"Huko kunanyesha?"

"Jua kali. Nestory anasema Namanyere nako jua."

Asnath aliandika: saa 7:15, Mazwi jua, Namanyere jua, Pito ngurumo. Akayatazama maneno hayo. Kisha akafungua ukurasa wa asubuhi wenye tarehe saba za Kornel. Saa saba, saa nane, saa tisa. Ni kweli zote zilikuwa za mchana. Ndizo saa ambazo mvua ya masika hupiga ngurumo juu ya Ufipa.

"Mzee Sebastiani," alisema, akipanda baiskeli, "wewe si mtuhumiwa tena. Wewe ni shahidi."

"Na Jemedari?"

"Jemedari ana kesi yake kwa wake zake."

Njiani alisimama chini ya mkaratusi mmoja akampigia Ridhiwani.

"Kijani," alisema Ridhiwani kabla hajaulizwa.

"Nimesikia. Mna kifaa gani Pito?"

"Pito ndiyo wapi? Afande, vifaa vyetu vyote viko Dodoma."

"Ile namba wanayotumia wafugaji ni laini ya simu. Laini hukaa ndani ya kitu. Hicho kitu kiko wapi?"

Vidole vilisikika vikigonga. Ridhiwani aliporudi hewani sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kuna kisanduku. Wakala wetu alikifunga huko huko Sumbawanga mwanzoni, ili ujumbe uwe wa bei ndogo. Hakimo kwenye vile tunavyovipima. Wakala anaitwa Maximilian. Nakutumia namba."

Maximilian alipokea akiwa Mbeya, akapiga kelele kushinda injini za gari.

"Kisanduku? Kipo, afande. Nilihama mwaka jana nikakiacha kwa mama, Pito. Nilimwambia asikizime kamwe. Anakipangusa vumbi kila siku, mama yangu ni msafi sana."

Kurudi dukani ilimchukua dakika ishirini. Alimkuta Hellena amesimama na kofia kichwani, na Munira ameshika daftari lililoanza kujaa sifuri. Asnath aliweka baiskeli ukutani, akachukua simu ya Hellena, akapanda nyuma ya pikipiki, mbele ya ule mtungi wa mbegu.

"Afande, hujavaa kofia," alisema Munira, akamvalisha ya kwake ya kazini, ile ya wapanga mizigo.

Barabara ya Pito ilikuwa nyekundu, imelowa. Mvua ilikuwa imeshapita, ngurumo moja moja zikijikokota kuelekea bondeni. Hellena aliendesha kama mtu anayejua kila shimo kwa jina. Saa nane na dakika ishirini walisimama mbele ya nyumba ya tofali yenye bati jipya na bustani ya maharage.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa kwa kitenge. Runinga imechomolewa, waya wake umezungushwa vizuri. Redio imechomolewa. Hata pasi ya mkaa, ambayo haikuhitaji umeme, ilikuwa imefichwa chini ya kiti. Katikati ya chumba, juu ya mkeka, mama mzee alikuwa amepiga magoti, rozari mkononi. Aliwaona, akawapigia makofi mawili ya taratibu kwa heshima ya Kifipa, akaonyesha mkeka, kisha akaendelea.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

Hellena alimtazama Asnath. Asnath alitazama saa. Saa kumi haikuwa mbali, na ukutani kulikuwa na soketi tupu iliyoweza kumaliza kesi nzima kwa sekunde moja. Lakini mama yule alikuwa mbele za Mungu, na Sajini hakuwahi kumkatiza mtu akiwa huko, hata mwizi. Alivua kofia ya wapanga mizigo akapiga magoti. Yeye alikuwa Mmoraviani, hakujua rozari, kwa hiyo aliomba kwa maneno yake. Hellena alijua. Sauti yake ilijiunga na ya mama, na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu walikuwa kwenye Matendo ya Furaha. Tendo la tatu, la nne, la tano. Asnath aliandika kimya kimya: rozari, baada ya ngurumo ya mwisho, takriban nusu saa.

"Amina," alisema mama, akajishika kiuno na kuinuka. "Karibuni wanangu. Mimi ni Lucia, mama yake Maximilian. Mmenikuta na kazi."

"Shikamoo, bibi. Tumekuja kwa ajili ya kisanduku cha Maximilian."

"Kipo salama." Alikwenda kwenye kona, akafunua kapu la maharage, akatoa kitu kilichovingirishwa kwenye kanga kama mtoto wa wiki moja. Alikifunua. Kilikuwa kisanduku cheusi, kidogo kuliko Biblia, chenye taa moja iliyokufa.

"Bibi, kwa nini kimechomolewa?"

Bibi Lucia alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango usiku.

"Kulikuwa na radi. Kila chenye waya nakizima, kioo nakifunika. Miaka ile radi ilipiga uzio wa jirani ikachukua ng'ombe wanne kwa pigo moja, wote wamesimama wamegusana. Ikipita ngurumo ya mwisho nasali rozari, namshukuru Mungu, halafu ndiyo nawasha. Siwashi kabla ya kushukuru."

"Maximilian hakukuambia kisizimwe?"

"Aliniambia. Nikajibu sawa. Lakini hakunieleza radi ikija nifanyeje, na mimi sikutaka kumsumbua, ana kazi nyingi Mbeya."

Hellena alikuwa ameketi sakafuni. Mabega yake yalitikisika. Asnath alidhani analia, kumbe anacheka, halafu akaona ni vyote viwili.

"Kiwashe, bibi," alisema Asnath.

Taa ilikuwa nyekundu, kisha njano, kisha kijani. Simu ya Hellena ikaanza kutetemeka mkononi mwa Asnath. Jaribio, Mazwi, saa 7:15. Jaribio, Namanyere, saa 7:15. Jaribio. Jaribio. Kumi na nne kwa jumla. Wa kumi na tano haukuwa jaribio. Hellena aliinuka, akausoma juu ya bega la Sajini.

"Hapo ni vilima viwili tu kutoka hapa," alisema. "Ameonekana kwenye joto tangu alfajiri. Nikienda sasa nawahi. Ila kikao..."

"Kikao nitakwenda mimi, kwa gari la kwanza litakalopita. Simu nabaki nayo, ndiyo ushahidi wangu. Wewe una mtungi."

Saa kumi kamili wajumbe tisa walikuwa wamebanana kwenye chumba cha ushirika. Mzee Kornel alikuwa ameshafungua kalamu.

"Mtuhumiwa hayupo," alisema. "Katibu, andika: hayupo. Hata siku ya kujitetea amekosekana. Afande, wewe mwenyewe unaona."

"Naona, mwenyekiti. Kabla ya saini naomba dakika tano." Asnath aliweka mezani simu tatu: ya Hellena, yake mwenyewe, na ya Munira, aliyekuja kwa kuwa, alisema, hawezi kulala bila kujua mwisho wake. Kwenye ya Munira alikuwa Ridhiwani. Kwenye ya Asnath alikuwa Bibi Lucia.

"Bibi, chomoa kisanduku."

"Nichomoe tena? Mbona mbingu imetulia?"

"Chomoa tu, bibi. Mwenyekiti, tuma ujumbe kwenye namba ya ushirika, kwa mkono wako."

Kornel alituma. Wote walitazama simu ya Hellena. Ilikaa mezani kimya.

"Ridhiwani, huduma ikoje?"

"Kijani," ilisema simu ya Munira, kwa aibu. Wajumbe wakaangua kicheko.

"Bibi, washa."

Walisubiri. Nzi alitembea juu ya barua. Kisha simu ya Hellena ikatetemeka, na Asnath akaisoma kwa sauti: "'Mwenyekiti Kornel. Najaribu.'"

Aliwaeleza yote, hatua kwa hatua: ngurumo, kioo, kapu la maharage, rozari. Aliwasomea tarehe saba, na wajumbe wawili waliokaa Pito wakakumbuka mvua ya kila moja. Mmoja wao alisema hata yeye huchomoa kila kitu, na mwingine akasema nani hachomoi. Kornel alisikiliza akiwa amepinda midomo.

"Sawa," alisema hatimaye. "Kisanduku nimekielewa. Lakini leo huduma imerudi, na Hellena bado hayupo. Hilo nalo ni radi?"

"Kuna ujumbe mmoja sijausoma." Asnath aliinua simu. "Saa saba na dakika thelathini na mbili. 'Adela, Pito, kwa mzee Kornel. Malaika yuko kwenye joto tangu alfajiri, tafadhali wahi.'"

Chumba kizima kilimgeukia mwenyekiti. Malaika alikuwa ng'ombe wake wa kwanza wa maziwa, na kila mjumbe alikuwa amesikia habari zake nyingi kuliko alivyotaka. Kornel alifungua mdomo. Simu yake ndiyo iliyoita. Alibonyeza kwa haraka akakosea, na sauti ya mkewe ikajaa chumbani.

"Baba Jastin, Hellena ameshamaliza, Malaika ametulia kabisa. Namlazimisha anywe togwa, anakataa, anasema ana kikao mnataka kumfukuza. Ni kikao gani hicho? Baba Jastin?"

"Hakuna kikao," alisema Kornel. "Mpe togwa."

Alikata simu. Hakuna aliyecheka mpaka yeye mwenyewe alipoanza, polepole, kisha kwa kifua chote, akipiga meza mpaka muhuri ukaruka.

Walikubaliana haraka. Maximilian angekuja Jumamosi kuhamishia kisanduku ofisini, kikiwa na kinga ya radi. Mpaka hapo kingebaki kwa Bibi Lucia, na hakuna mtu angemwambia asichomoe. Ila kabla ya kuchomoa angempigia Hellena, ili siku hizo Hellena apite vijijini akiuliza kwa mdomo. Ridhiwani aliuliza kama na yeye angeweza kupigiwa. Alisema ndiyo kipimo cha kwanza cha kweli watakachokuwa nacho.

Walikuwa wanasimama wakati ngurumo ilipojikokota tena ng'ambo ya bonde. Simu ya Hellena ikaita mezani. Kornel aliwahi kuipokea yeye.

"Hellena mwanangu," ilisema sauti ya Bibi Lucia, "nazima."

"Zima, mama. Hellena yuko kwangu, nakwenda kumwambia mwenyewe."

Alitafuta karatasi. Iliyokuwa karibu ni ile barua. Aliigeuza, upande ule usio na muhuri, akapiga mistari mitatu kwa rula, na kwa kalamu aliyoiandaa kwa ajili ya saini akaandika: Jumatatu, saa 10:40, Pito, kimezimwa. Kisha akabaki ameinua kalamu.

"Afande, na hapa pa kuwashwa, niandike saa ngapi?"

Asnath alikuwa ameshavaa kofia yake, anatafuta funguo za baiskeli.

"Acha wazi, mwenyekiti," alisema. "Bado hajasali."